Shaba Inayoota

Baba yangu ni fundi wa mageti mjini Mbale. Kila geti linalotoka mikononi mwake lina maua: mawaridi ya bati, majani ya chuma, na mizabibu ya nondo, ingawa katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupanda mzabibu. Nilipokuwa mdogo nilijivunia maua hayo. Nilipokwenda chuo kikuu kusoma Kiswahili (Baba alitaka nisome ufundi, na bado hajanisamehe kabisa) nikaanza kuyaonea aibu.

Muhula uliopita tulipewa zoezi la kueleza kwa Kiswahili kazi moja ya sanaa. Nilichagua chombo cha kumiminia mvinyo alichokitengeneza Chunghi Choo mwaka 1980, ambacho sasa kimo katika Jumba la Sanaa ya Kisasa la New York. Choo alizaliwa Incheon, Korea, mwaka 1938. Alisoma Chuo Kikuu cha Ewha mjini Seoul, akaenda Marekani mwaka 1961, na tangu 1968 alifundisha usonara na ufuaji katika Chuo Kikuu cha Iowa kwa zaidi ya miaka arobaini. Vyombo vyake vinakumbusha maua na majani, lakini huwezi kusema ni ua gani. Hanakili jani, anachukua namna linavyojikunja. Kusema kweli, chombo kile kizuri hivyo ningeogopa kukitumia mezani.

Shida ilikuwa kueleza kilivyotengenezwa. Niliandika “alifua shaba”, nikafuta. Njia anayojulikana nayo Choo haianzi na nyundo wala fuawe. Kwanza unaunda umbo, tuseme la nta, unalipaka rangi inayopitisha umeme, kisha unalizamisha katika maji yaliyoyeyushwa mrututu. Mkondo wa umeme ukipita, shaba iliyomo majini inaanza kuganda juu ya umbo, kidogo kidogo, kwa saa nyingi. Mwishoni nta inayeyushwa, linabaki ganda la shaba, nalo linaweza kupakwa fedha. Nilijaribu “inaganda”, nikajaribu “inashika”. Neno lililonikaa vizuri ni “inaota”, kama ukucha.

Likizo ilipofika nilimwonyesha Baba picha kwenye simu. Aliitazama kwa muda mrefu, huku miwani ya kuchomelea ikiwa kwenye paji la uso.

“Nyundo iko wapi?”

“Hakuna nyundo, Baba. Ni umeme na mrututu.”

Neno mrututu hakulijua. Kiswahili chake ni cha sokoni. Nikamwambia ni ile dawa ya buluu ambayo Babu alikuwa akiichanganya na chokaa kupulizia mibuni. Akacheka. Kisha akaniuliza maswali ambayo mhadhiri wangu hakuyauliza. Je, umbo likiwa na mafuta ya vidole, shaba itashika? (Haishiki vizuri, nilikuwa nimesoma hivyo.) Je, kwenye mashimo itafika sawa na kwenye nundu? Haifiki sawa: nundu hupata shaba nene, mashimo hubaki membamba. Alikuwa ameyafikiria yote hayo kwa dakika mbili, mtu ambaye mimi nilidhani anajua mawaridi tu.

“Huyo mama ni fundi,” akasema. “Na wewe umeeleza vizuri, mwanangu.” Miaka mitatu nilikuwa nikiingoja sentensi hiyo ya pili.

Siku zilizofuata alikuwa na geti la mteja wa mjini. Badala ya mawaridi alikunja nondo tatu tu, zikapanda kutoka chini zikiachana polepole, mithili ya jani la mgomba kabla halijafunguka. Nilimshikia taa. Lilikuwa geti zuri kuliko yote niliyowahi kuyaona pale kwetu.

Jumamosi mwenyewe alikuja kulichukua. Alilizunguka mara mbili, akamgeukia Baba.

“Mzee, sasa maua yangu yako wapi?”