Kizunguzungu Kilipoingia Zizini Kwetu

Ndugu yangu mfugaji, kama leo una mbuzi anayezunguka bila kukoma, keti tuongee. Mimi nimetoka huko, kwa rehema za Mungu.

Tuko Longido. Ugonjwa huu Wamaasai tunauita ormilo. Kwa Kiswahili wengi husema kizunguzungu. Ulianza kwa jike mmoja ambaye hakuwa ametimiza mwaka. Alibaki nyuma ya kundi, kichwa kimelala upande. Majuma yakapita, akaanza kuzunguka, upande uleule, hata majani yakaisha chini ya kwato zake. Nilipitisha mkono mbele ya jicho moja, hakupepesa.

Tukachoma sindano za kila aina. Hakupona.

Kisha wakafuatana. Wa pili. Wa tatu. Na kondoo pia. Ada ya mwanangu ilikuwa kwa mbuzi wale. Usiku nasikia kwato zikizunguka gizani. Silali. Kusali kwenyewe sina maneno. Nasema tu, "Ee Mungu." Mama mkwe ananishika mkono, anamalizia yeye.

Shemeji akachinja mmoja, afisa mifugo akiwepo. Fuvu lilipopasuliwa, ubongo ulikuwa umebanwa na mfuko wa maji maangavu, mkubwa kama yai la kuku, vidoadoa vyeupe vimeshika ukutani mwake. Kila kidoa, afisa akasema, ni kichwa cha tegu. Mbwa akila ubongo huo mbichi, tegu hukua tumboni mwake, mayai hutoka na kinyesi, mbuzi huyala pamoja na majani. Nikageuka. Mbwa wetu walikuwa wamekaa, wanangoja kichwa. Vichwa vilikuwa fungu lao tangu enzi za mababu.

Kichwa kile tulikichoma moto. Baba watoto akanunua dawa ya minyoo ya mbwa. Mbuzi wengine waliendelea kufa, maana mfuko hukua miezi kadhaa kabla ya dalili kuonekana. Basi usikate tamaa ukiona hivyo. Vitoto vya baadaye vimekua, mwanangu yuko shuleni, Mungu ashukuriwe. Lakini hadi leo mbuzi akiinamisha kichwa kujikuna, moyo hunilipuka, namfuata mpaka nione anatembea sawa.

Akishaanza kuzunguka, usimalize pesa kwa sindano. Mchinje angali na nyama, kichwa usimpe mbwa. Na mbwa wa jirani hupita malishoni kwako vilevile. Jirani akikubishia, mwite aone fuvu likipasuliwa kabla hujalichoma.