Mbayuwayu na Kiswahili cha Watoto Wetu

Sisi Waswahili wa Brussels hukutana zaidi kwenye misiba, kwenye harusi na kwenye maduka ya Matonge tunapotafuta dagaa na unga wa muhogo. Mwaka huu kina mama wa kikundi chetu walileta wazo jingine: twende tukatazame ndege. Wazee walicheka. "Ndege ni wa kula au wa kufukuza shambani," alisema mzee mmoja wa Uvira. "Wa kutazama ni wepi?" Lakini gharama ilikuwa ndogo, watoto wangeachana na simu kwa siku mbili, na jirani wa mmoja wetu, mwalimu mstaafu wa Kibelgiji, alikubali kutuongoza bila malipo. Basi mwanzoni mwa Mei tukatoka, watu 22: wa Kigoma kama mimi, wa Mombasa, Bujumbura, Bukavu na Uvira, pamoja na watoto wetu waliozaliwa hapa.

Siku ya kwanza hatukuhitaji hata basi. Metro namba 5 ilitufikisha Herrmann-Debroux, tukatembea kidogo hadi kwenye mabwawa ya Rouge-Cloître, mahali ambapo bonde dogo linaingia katika msitu wa Soignes. Msitu huu una hekta zipatazo 4,400, na sehemu zake zenye miti mikongwe ziliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2017. Saa moja na nusu asubuhi ukungu ulikuwa bado juu ya maji, na ndege walikuwa wakipiga kelele kama soko la samaki.

Tuliona ngojamaliko wa kijivu amesimama kwenye matete bila kutikisika. Tuliona mdiria akipita juu ya maji kama cheche ya buluu. Aliyepepesa jicho alimkosa. Juu yetu walipita kasuku wa kijani, wale ambao kila mkazi wa Brussels anawajua kwa makelele yao. Mwalimu alitueleza kwamba mwaka 1974 kasuku wapatao 40 waliachiwa huru kaskazini mwa jiji, na leo vizazi vyao ni maelfu. Kwenye nyasi walikuwapo mabata bukini wa Misri, ndege wa Afrika ambao nao wamelowea hapa. "Na hawa wote wana makaratasi?" akauliza mzee wa Uvira, tukacheka hadi mdiria akahama.

Kisha mwalimu akauliza swali la kawaida kabisa: ndege huyu kwa lugha yenu anaitwaje? Watoto walikuwa na majina tayari, ya Kifaransa na ya Kiholanzi, kutoka shuleni. Sisi watu wazima tukatazamana. Wengi wetu tulikuwa na majina mawili tu: ndege mdogo na ndege mkubwa. Aliyetuokoa ni mama mmoja wa Mombasa, aliyeanza na dudumizi anayelia mvua ikikaribia, kisha akataja kigong'ota, yangeyange na kozi. Mtoto mmoja akachukua daftari na kuchora safu tatu, moja kwa kila lugha. Safu ya Kiswahili ilijaa polepole kuliko zote.

Siku ya pili tulikodi basi hadi mashariki mwa nchi, kwenye mabonde ya karibu na Malmedy. Tulipita ziwa la Robertville, lililotokea baada ya mto Warche kuzibwa kwa bwawa katika miaka ya 1920, tukashuka kwenye shamba la ng'ombe ambalo mwalimu alilifahamu. Ndani ya zizi, juu kwenye boriti, mbayuwayu walikuwa wakijenga viota vya matope. Mwenye shamba huacha dirisha la juu wazi kuanzia Aprili ili wapite.

Hapo lilitokea jambo ambalo ndilo limenifanya niandike.

Mwanangu ana miaka 13. Kiswahili anakielewa chote, lakini kwa zaidi ya mwaka amekuwa akijibu kwa Kifaransa tu. Siku ile alikuwa amekaa karibu na bibi mmoja aliyetoka Uvira mwaka jana kuja kuishi na binti yake, na ambaye Kifaransa hakijui. Mwalimu alikuwa akieleza, bibi akamgusa kijana begani: "Mjukuu wangu, anasemaje?"

Hakuwa na pa kukimbilia. "Bibi, anasema hawa wamezaliwa hapa. Hapa juu. Halafu wanaenda Afrika, wengine mpaka Kongo. Kule nguo zao zinaanguka."

"Nguo?"

"Manyoya. Zinaanguka zote, halafu zinaota zingine."

Vijana wawili wakaanza kucheka. Bibi hakucheka. "Yananyonyoka, mjukuu wangu. Sema yananyonyoka."

"Yananyonyoka."

"Haya, endelea."

Akaendelea. Akasema kwamba manyoya hayanyonyoki kwa mkupuo, bali machache machache kwa miezi kadhaa, maana ndege lazima aendelee kuruka na kula. Akasema kwamba ndege huyu ana uzito wa gramu zipatazo 20 tu, na huvuka jangwa la Sahara na bahari ya Mediterania kurudi kwenye zizi kama hili. Bibi akafikiri kidogo, akasema: "Kwa hiyo kuzaliwa wamezaliwa huku, lakini manyoya waliyorudi nayo yameota kwetu." Mwanangu akamtafsiria mwalimu. Mwalimu akajibu kwamba ndivyo hasa ilivyo.

Utotoni, Kigoma, nilikuwa nikiwaona mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya za umeme karibu na stesheni, na sikuwahi kujiuliza walianguliwa wapi. Walikuwa wetu, basi. Nyumbani mara nyingi tunawaambia watoto, "Kwenu ni Kigoma," nao wanatutazama, maana wanajua wamezaliwa Brussels. Nadhani hakuna haja ya kubishana nao. Kuzaliwa kwao huku hakufutiki. Kilicho mikononi mwetu ni manyoya, yaani lugha, majina na namna ya kumwamkia mkubwa. Nayo huota machache machache, huku mtoto akiendelea kuruka kwa yale aliyo nayo.

Hapo ndipo penye shida kwenye mikusanyiko yetu. Mtoto akisema "manyoya zinaanguka," ukumbi mzima unaangua kicheko, na anayefuata anaamua ni salama zaidi kunyamaza. Bibi yule alifanya mambo mawili tu: alimpa neno moja, kisha akamwambia endelea.

Mchana tulipanda hadi Hautes Fagnes, penye misitu ya misonobari na nyanda za majimaji, ambako unatembea juu ya njia za mbao. Hapo ndipo kilele cha Ubelgiji, Botrange, mita 694. Familia ya Bukavu, ambao mji wao uko mita zipatazo 1,500 juu ya bahari, waliuliza mlima wenyewe utaanza lini. Msituni tulimsikia kekeo akiita, bila kumwona. Watafiti wa Uingereza, ambao tangu 2011 wamekuwa wakiwafunga kekeo vifaa vya kufuatiliwa kwa setilaiti, wamegundua kwamba wengi hupitisha majira ya baridi katika bonde la mto Kongo.

Ukitaka kwenda na familia yako, anza na Rouge-Cloître: ni asubuhi moja, tiketi ya metro, chupa ya chai na maandazi. Darubini moja kwa watoto watatu inatosha. Kwa Hautes Fagnes, angalia kwanza kama bendera nyekundu zimepandishwa. Zikiwa juu, njia zimefungwa kwa hatari ya moto. Mwaka 2011 moto uliunguza zaidi ya hekta 1,000 huko. Na ukiweza, chukua mzee mmoja asiyejua Kifaransa.

Daftari la watoto sasa lina ndege 34. Safu ya Kifaransa imejaa, ya Kiholanzi imebakiza mapengo mawili. Ya Kiswahili ina majina 13. Mwanangu amempigia simu bibi yake wa Kigoma mara mbili kuuliza mengine, na mara zote mbili nimesikia kutoka sebuleni: "Bibi, rudia polepole, naandika."