Ulingo wa Tope wa Mukono

Msafiri atokaye Kampala kuelekea Jinja, akiisha kuupita uwanja wa michezo wa Namboole na viwanda vya Namanve, hufika Seeta, na baada ya Seeta huingia Mukono. Safari yenyewe ni ya kilomita 20 na kitu tu, ingawa siku za msongamano wa magari yaweza kumla mtu nusu ya asubuhi. Mukono ni mji wa njia. Malori yatokayo Mombasa kupitia mpaka wa Malaba huukata katikati usiku na mchana. Upande wa kusini iko barabara ya Katosi, iteremkayo hadi ziwani kwa wavuvi. Mbele zaidi, kabla ya msitu wa Mabira, kiko kituo cha Namawojjolo, ambako wachuuzi huyakimbilia mabasi huku wameinua vijiti vya kuku wa kuchoma na gonja, ile ndizi tamu ya kuoka ambayo abiria wengi hawakubali kuipita bila kuinunua.

Kwa miaka mingi Mukono ulisifika kwa kuku hao na kwa elimu. Chuo cha kidini cha Bishop Tucker kilikuwapo hapo tangu mwaka 1913, na mwaka 1997 kikawa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Uganda. Mwaka 2023 likazuka jambo jingine, ambalo halikutarajiwa na wenye kuku wala na wenye vitabu. Vijana wa wilaya hiyo walianza kupigana mieleka ya maonyesho kwa mtindo wa Marekani, pamoja na mavazi yake ya rangi, majina yake ya kutisha na vitisho vyake vya mdomo. Ila wao waliipigana ndani ya tope.

Kikundi chao huitwa Soft Ground Wrestling, yaani mieleka ya ardhi laini, na jina hilo halina mafumbo. Ulingo wao wa mwanzo ulikuwa kipande cha ardhi kilicholowekwa maji, kikazungushiwa kamba zilizofungwa kwenye nguzo za mianzi. Mpiganaji hupanda nguzo pembeni, hunyoosha mikono, huwatazama watu, kisha hujirusha juu ya mwenzake, na tope huruka hadi kwa watazamaji wa mstari wa mbele. Wanapoinuka wote wawili wamekuwa wa rangi moja, na mgeni hawezi tena kumpambanua yule wa buluu na yule wa manjano. Wenyeji huwatambua kwa mwendo na kwa sauti.

Aliyekianzisha kikundi hicho ni Daniel Bumba, ambaye wapenzi wa mchezo humwita Bumbash. Kabla ya hapo kazi yake ilikuwa ya mdomo: alikuwa akiitangaza mieleka ya Marekani kwa Kiluganda katika televisheni. Asiyeijua Uganda huenda asielewe uzito wa kazi hiyo. Nchini humo kuna ufundi uliokua katika vibanda vya video, ambamo mtu mmoja hukaa na kipaza sauti, akaifasiri filamu ya kigeni papo kwa papo, akaitia utani, akawapa wahusika majina ya mtaani, hata sinema ya Marekani au ya Bara Hindi ikawa kana kwamba imetokea Nakawa. Mfasiri hodari hupendwa kuliko mwigizaji. Hivyo mieleka ya ng'ambo ilipofika katika televisheni za nyumbani, ilifika ikiwa imekwisha kuvikwa kanzu ya Kiganda, na watoto waliokua wakiisikiliza hawakuiona kuwa mali ya watu wengine.

Wala mieleka yenyewe haikuwa ngeni. Buganda wana ekigwo tangu zamani, mchezo wa kukamatana na kuangushana, ambao ushindi wake ni mmoja tu: mwenzako aanguke. Ndani ya ekigwo hakuna hadithi, na mtu akianguka ameanguka kweli. Tofauti hiyo inafaa kukumbukwa, kwa kuwa ndipo wengi wanapoidharau mieleka ya Mukono. Husema, “Wale wanaigiza tu.”

Ni kweli kwamba wanaigiza. Katika mieleka ya maonyesho, popote duniani, mshindi hupangwa kabla ya pambano. Yuko mwema ambaye watu humshangilia, yuko mwovu ambaye hupiga akiwa nyuma ya mwamuzi, na kiko kisasi kitakachongojewa hadi wiki ijayo. Lakini kilichopangwa ni matokeo, na mgongo wa mtu haujui kwamba matokeo yamepangwa. Anayebebwa hadi kimo cha mabega na kubwagwa chini amebwagwa, naye sharti ajue kuanguka: kidevu kikae kifuani ili kisogo kisigonge chini, mgongo mzima ufike kwa pamoja, viganja vipige ardhi kuugawa mshindo, na pumzi itolewe. Anayembwaga naye hubeba dhamana ya shingo ya mwenzake. Askari aliyewahi kufundishwa kuruka ukuta au kujiviringisha na bunduki atatambua mara moja kwamba hayo hayapatikani bila mazoezi ya kila siku, na kwamba mazoezi yenyewe huchosha kuliko pambano.

Hapo ndipo tope linapokuwa na hadithi yake. Ulingo wa kawaida wa mieleka una fremu ya chuma yenye upana wa mita 5 au 6, juu yake mbao zinazonepa, kisha godoro jembamba, kisha turubai. Ni chombo cha gharama, na vijana wa kijijini wasio na ajira hawawezi kukinunua. Ardhi kavu ya Mukono, ule udongo mwekundu unaokuwa mgumu kama tofali wakati wa kiangazi, ingewavunja mbavu siku ya kwanza. Wakaumwagia maji. Shida ilikuwa fundi, na kazi ya fundi huyo ikawa nzuri kuliko alivyokusudia, kwani mapambano ya turubai yako mengi duniani, bali haya ya tope, yenye migomba nyuma yake, mtazamaji huyakumbuka baada ya kuyaona mara moja.

Tope lina adhabu zake pia. Miguu hunasa, basi mpiganaji hawezi kukimbia kutoka kamba hadi kamba kama afanyavyo Mmarekani. Macho hujaa udongo. Mshiko huteleza wakati ule ule mwenzako yuko juu ya mabega yako. Tena kidonda kilichoingia udongo si cha kudharauliwa, kwa kuwa vijidudu vya pepopunda hukaa katika udongo, na chanjo yake yafaa itangulie mkwaruzo wa kwanza. Wazazi wenye watoto wanaoiga michezo hiyo wazingatie jambo jingine: watoto huiga kule kurusha, hawaigi kule kuanguka, nao huigia kwenye sakafu ya saruji ya baraza, ambayo haina ulaini wowote.

Wasichana nao wamo. Hupigana, huruka kutoka nguzoni na kutukanana kwa mashairi ya papo hapo sawasawa na wavulana. Wako wazee wanaokunja uso kwa kumwona binti katika tope akiwa na kaptura, na mazungumzo hayo hayajesha katika nyumba nyingi. Hata hivyo, anayekunja uso naye mara nyingi hubaki amesimama pale pale mpaka pambano liishe.

Uganda ni nchi iliyozoea kuwapeleka vijana wake ulingoni, ila ulingo wa ngumi. Klabu za jeshi, polisi na magereza zimelea mabondia kwa miongo mingi. Ayub Kalule alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1979, naye John Mugabi alirudi kutoka Moscow na medali ya fedha mwaka 1980. Bondia wa klabu za namna hiyo alikuwa na mshahara, chumba na kocha. Mieleka ya Mukono haina kambi ya serikali nyuma yake, imejizaa yenyewe.

Mieleka ya maonyesho ilikaribia kuingia Kampala mapema zaidi, kwa njia ya ajabu. Mwanzoni mwa mwaka 1979 ilitangazwa kwamba Idi Amin, ambaye ujanani alikuwa bingwa wa ngumi katika jeshi la King's African Rifles, angepambana na Mjapani Antonio Inoki, mwanamieleka aliyekuwa amekutana na Muhammad Ali mjini Tokyo tarehe 26 Juni 1976. Siku iliyowekwa ilikuwa 10 Juni, na Ali mwenyewe ndiye aliyetajwa kuwa mwamuzi. Haikuwa. Tarehe 11 Aprili mwaka huo Kampala ilitekwa na majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nayo, na Amin akakimbia. Miaka 44 ikapita kabla ya vijana wa Mukono kufunga mianzi yao.

Jirani wa magharibi alitangulia zamani. Mjini Kinshasa mchezo huu, ambao Wakongo huuita kwa neno la Kifaransa, catch, una watu wake tangu enzi za Mobutu. Ulingo husimikwa barabarani katikati ya mtaa. Kabla ya pambano wapiganaji huzungushwa mitaani kwa tarumbeta na ngoma, wamevaa vinyago, na baadhi yao hushinda kwa uchawi wa kuigiza: huchomoa hirizi, hupuliza unga, na mpinzani huanguka bila kuguswa. Mukono haukuichukua njia hiyo. Wao wameshika vitendo vya mwili, na uchawi wao umo katika simu.

Kwa kweli bila simu wangebaki kuwa burudani ya kijiji kimoja. Mtu mmoja husimama kando ya kamba akipiga video, Bumbash hutangaza, na picha hizo hutazamwa na watu katika nchi ambazo wapiganaji wenyewe hawajawahi kuziona. Jambo hili linashangaza kwa anayeijua historia ya mchezo huu huko ulikotoka. Marekani ilikuwa imegawanywa zamani katika majimbo ya mieleka. Kila promota alikuwa na eneo lake, na kwa sehemu kubwa hawakuingiliana, hasa baada ya wengi wao kuungana katika chama cha NWA mwaka 1948. Mji wa Memphis ulikuwa na mieleka yake katika televisheni kila Jumamosi asubuhi, na Jumatatu jioni watu walijaa ukumbini kuona mwisho wa ugomvi walioonyeshwa. Mashujaa wa Memphis walikuwa watu wa Memphis. Mwaka 1982 Vince McMahon aliinunua kampuni ya baba yake huko kaskazini mashariki, akaitangaza nchi nzima kwa televisheni za kulipia, akawachukua mabingwa wa kila jimbo, na mwaka 1985 akafanya tamasha lake la kwanza la WrestleMania. Vikundi vya majimbo vilikauka kimoja baada ya kingine. Teknolojia mpya ya wakati ule ilimpa mkubwa nguvu ya kummeza mdogo.

Kule Mukono imekuwa kinyume. Teknolojia mpya ya leo imekichukua kikundi cha wilaya moja na kukiweka mbele ya watu wale wale wanaoitazama kampuni kubwa ya WWE. Lakini sifa si mshahara. Video hutazamwa na mamilioni, ilhali aliyeruka kutoka kwenye mianzi bado anahitaji chakula, mahali pa kulala, na daktari siku bega litakapoteguka. Sensa ya mwaka 2024 ilihesabu watu karibu milioni 46 nchini Uganda, na karibu nusu yao walikuwa hawajatimiza miaka 18. Vijana wanaokuja kujiandikisha katika tope hawatakwisha. Kwa hiyo swali la nani analipwa, analipwa nini, na nani anamtibu aliyeumia, litaendelea kuwaandama viongozi wa mchezo huu hata wakipata ulingo wa dhahabu.

Na ulingo wenyewe ni mjadala. Mpiganaji yeyote mwenye ndoto ya kuajiriwa ng'ambo anahitaji kuzoea turubai na kamba zinazovuta, kwani huko atakakokwenda hakuna tope. Hiyo ni haki yake, wala hapaswi kulaumiwa kwa kuitaka. Ila siku mianzi itakapong'olewa kabisa, Mukono utakuwa na kikundi kimoja cha mieleka miongoni mwa vikundi elfu vya namna hiyo duniani, tena chenye vifaa hafifu kuliko wengi. Pengine la busara ni kuwa na vyote viwili, turubai kwa mafunzo na tope kwa maonyesho. Watakaoamua ni wale ambao migongo yao ndiyo inayoanguka.

Kwa sasa hali ya hewa ni rafiki yao. Mukono haiko mbali na Ziwa Nyanza, na katika miezi ya masika, Machi hadi Mei, mawingu hujikusanya alasiri, na mvua hunyesha ghafla kwa kishindo. Wachuuzi wa kando ya barabara hufunika bidhaa zao kwa karatasi za nailoni, madereva wa boda boda hukimbilia vibarazani, na mechi za mpira mashuleni husimamishwa. Mvua hiyo hiyo, ikiisha kupita na jua kutoka tena, huwa imewapunguzia vijana wa mieleka safari kadhaa za kuchota maji kwa madumu.