Jezi Zilizofumuliwa: Kuvisha Gemu Upya Kibera na Kawangware

Nguo ya mhusika wa gemu haina uzi wala kitambaa. Ni picha bapa iliyovikwa juu ya umbo, nayo huitwa teksicha. Umbo limejengwa kwa pembetatu ndogo nyingi, na kila ncha imepewa mahali pake kwenye picha: hapa bega, hapa ukosi, hapa mgongo. Anayebadili nguo hagusi umbo. Hufungua picha, huipaka upya, kisha huirudisha kwa jina lile lile.

Kibera na Kawangware, mitaa ya Nairobi, kazi hii ilianzia kwenye vibanda vya mabati vyenye PlayStation 2 na televisheni za mgongo mnene, ambako mechi ililipiwa kwa sarafu. Gemu ya mpira ya Konami, PES 6 ya mwaka 2006, ilikuwa na majina na jezi halisi za Arsenal na Manchester United, lakini Liverpool iliitwa Merseyside Red. Wenye vibanda walirekebisha kasoro hiyo kwa menyu ya gemu yenyewe: jina jipya, rangi ya shati, nembo iliyochorwa nukta kwa nukta kwa pedi. Kazi ya usiku kucha ilihifadhiwa kwenye kadi ya megabaiti 8, na kadi hiyo ilitunzwa kama ufunguo wa duka. Hata hivyo, mitindo ya mashati ilitoka kwenye orodha ya Konami. Asiyeuona mtindo wake humo hakuwa na la kufanya.

Kompyuta za saiba ziliondoa kikwazo hicho. Toleo la PES 6 la kompyuta lilikubali programu ndogo iliyoitwa Kitserver, iliyosoma jezi kutoka kwenye folda ya kawaida, kila jezi ikiwa picha ya pikseli 512 kwa 256. Sasa timu isiyochaguliwa na mtu iliweza kuvuliwa na kuvishwa rangi za klabu za Kenya: kijani cha Gor Mahia, au buluu na nyeupe za AFC Leopards.

Ugumu ulikuwa kwenye kuisoma picha. Kijana mmoja wa Gatina, Kawangware, alipaka mistari iliyonyooka vizuri kwenye kioo, lakini uwanjani ikakatika ubavuni kama shati lililoshonwa na mikono miwili tofauti. Jibu lilikuwa karibu kuliko alivyodhani. Aliyewahi kumtazama fundi wa soko la Toi akifumua shati la mtumba ili alipunguze ameshaiona teksicha: kifua peke yake, mgongo peke yake, mikono imelazwa kando, na mshono ndio mpaka. Rangi inayofika kwenye mshono lazima ilingane na rangi ya kipande cha pili.

Somo la pili lilikuwa mikunjo. Katika gemu za wakati ule, vivuli vya kitambaa vilichorwa ndani ya picha yenyewe. Aliyemwaga kijani kitupu alipata mchezaji aliyevaa plastiki. Waliojua waliiacha mikunjo ya awali kwenye tabaka la juu na kupaka rangi chini yake, na hapo shati likapata uhai. Huu ndio ustadi hasa wa kazi hii. Mengine ni subira.

Gemu nyingine, GTA: San Andreas, iliyofika kwenye kompyuta mwaka 2005, iliongeza suruali, viatu, magari na mabango ya barabarani. Nguo za CJ, mhusika mkuu, zilifungwa ndani ya faili la player.img, na picha zake, za aina ya TXD, zilifunguliwa kwa TXD Workshop. Vipimo vilifuata namba za 64, 128, 256 na kuendelea. Nakala ya faili la awali ilikuwa ya lazima, kwani kosa moja liliizuia gemu isifunguke.

Gemu hiyo ilipoingia kwenye simu za Android mwezi Desemba 2013, kazi nayo ilianza kuhamia kwenye kiganja. Kilichoshamiri baadaye ni mabasi. Bus Simulator Indonesia, iliyotolewa na Maleo mwaka 2017, humruhusu mchezaji kuvisha basi picha yake mwenyewe, na Wakenya wamelivisha rangi za kampuni za safari ndefu na michoro ya nganya, yaani matatu zilizopambwa. Barabarani, kanuni za waziri Michuki, zilizoanza kutumika mwaka 2004, zililazimisha mstari wa manjano ubavuni mwa kila matatu. Kwenye simu, mstari huo huwekwa na anayeupenda. Tena Indonesia, kama Kenya, huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo mlango wa basi hufunguka pale pale anaponing'inia makanga wa matatu ya namba 46 akiita abiria wa Kawangware.