Noah ya familia na mteremko wa Mgeta

Asubuhi ya Jumamosi mjini Morogoro, wingu huwa bado limekalia Bondwa wakati mafundi wanafungua gereji. Mlima uko karibu na mji kiasi kwamba mtoto aliyeketi nyuma anauona umejaza kioo chote cha mbele, na minara ya mawasiliano huchungulia kileleni wingu linapopasuka. Mji uko kwenye meta 500 hivi juu ya usawa wa bahari. Bondwa inapita meta 2,000. Wenye wazazi huko milimani wanaijua tofauti hiyo kwa neno moja: kuchemsha.

Gari lenyewe mara nyingi ni Toyota Noah. Linabeba watu wanane, vipuri vyake havisumbui kupatikana, na kila fundi ameshawahi kulifungua. Ila lilibuniwa kwa ajili ya mitaa ya Japani, kumpeleka mtoto shule na kurudi na mfuko wa sokoni. Tumbo lake liko sentimeta 15 hivi kutoka ardhini. Anayelichora hakuwa na Milima ya Uluguru kichwani.

Tuchukue familia ya watu saba inayoishi Kihonda: baba, mama, watoto wanne na shangazi. Bibi yuko Nyandira, Tarafa ya Mgeta, wilayani Mvomero. Safari iliyopita, wakati wa Pasaka, gari lilikwaruza chini mara tatu na likachemsha kabla ya kufika. Kitinda mimba alitapika karibu kila kona. Wakati wa kurudi, mlimani kukawa na harufu ya kitu kinachoungua, na watu wazima wote wakanyamaza nayo hadi tambarare.

Sasa ni Desemba na baba ametenga fedha. Anataka gari lenye nguvu na lililonyanyuka. Fundi hana kipingamizi.

"Kaka, hapa tunakunyanyulia tu. Spesa mbele na nyuma, rimu namba 16, tairi nene. Mgeta unapanda kama una Land Cruiser."

Mama watoto, aliyekuwa kimya pembeni na mtoto mgongoni, anauliza swali moja: "Na kushuka, fundi?"

Swali hilo linafaa lijibiwe kabla pesa haijatoka mfukoni.

Spesa ni vile vipande vya chuma, alumini au plastiki ngumu vinavyowekwa kwenye springi ili bodi lipande juu. Sentimeta mbili au tatu huokoa sampo kwenye mawe, hilo halina ubishi. Lakini Noah tayari ni gari refu kwenda juu kuliko upana wake: upana karibu meta 1.7, kimo karibu meta 1.85. Ukilinyanyua sentimeta tano, umepandisha injini, viti na watoto wote, huku magurudumu yakibaki na upana uleule chini. Kwenye kona linalala zaidi. Kwa Noah zinazovuta kwa magurudumu ya mbele, ekseli hukaa kwa pembe ambayo hazikutengenezewa, na mipira ya sivi jointi huwahi kupasuka. Mabomba ya mpira ya breki nayo huvutika gurudumu linaponing'inia shimoni. Gari likiwa limenyanyuliwa na jeki, fundi makini anaweza kumwonyesha mteja mabomba hayo kama yamekaza. Asipotaka kuonyesha, hilo nalo ni jibu.

Rimu kubwa zina hesabu yake pia. Noah nyingi za miaka ya 2001 hadi 2007 huja na tairi za 195/65R15. Ukifunga 215/65R16, tairi inakuwa kubwa kwa asilimia nane hivi. Sakafu inapanda sentimeta mbili na nusu, sawa, lakini ni kama kila gia imerefushwa kwa kiwango hichohicho: mlimani injini inavuta kwa shida zaidi, breki zina gurudumu zito zaidi la kusimamisha, na dashibodi ikisoma 80 gari liko kwenye 86. Mtu amelipia nguvu akapewa uzito.

Inasaidia kujua watengenezaji wenyewe walifanya nini walipotaka Noah iendeshe vizuri zaidi. Mwaka 2010 Toyota ilitoa toleo la Noah na Voxy liitwalo G's. Injini iliachwa ilivyo. Kilichoshughulikiwa ni springi, shokapu na ugumu wa bodi, na gari likashushwa chini badala ya kupandishwa. Hapa kwetu kulishusha gari ni kutafuta ugomvi na mawe ya Mlali, lakini mpangilio wa kazi ni uleule. Kabla ya nguvu, gari litii.

Kwa hiyo orodha ya familia ya Kihonda inageuzwa. Zinaanza shokapu nne, kwa sababu zilizomo zimekufa: ukikandamiza kona ya gari na kuachia, linacheza mara tatu kabla ya kutulia. Zinafuata bushi za amu na linki za stabilaiza, vipuri vidogo ambavyo havionekani na hakuna jirani atakayevisifia. Hapo ndipo lilipo suala la mtoto anayetapika. Wazazi wengi hununua vidonge na malimau, wakati sehemu ya tatizo ni gari linaloyumba muda mrefu baada ya kona kwisha. Kiti cha mwisho kabisa, kilicho karibu na ekseli ya nyuma, ndicho kinachorushwa zaidi, na kwa kawaida ndicho wanachopewa watoto. Kumhamishia kitinda mimba safu ya katikati hakuhitaji hata spana.

Tairi baadaye. Saizi inabaki ya kiwandani au inapanda kidogo sana. 205/65R15, kwa mfano, inaongeza milimita sita tu za kimo na haivurugi kitu. Cha kuangalia ni umri. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa maandishi ya DOT, kuna tarakimu nne: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi za mtumba zinazong'aa dukani huweza kuwa na mashimo mazuri ya kukanyagia na mpira uliokauka kama kiatu cha zamani. Kwenye udongo mwekundu uliolowa, mpira mkavu haushiki.

Kuhusu injini, baba anakubali kwa shingo upande. Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila meta 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa ni nyepesi, na hakuna plagi wala kichungi cha kufungua kinachorudisha hewa hiyo. Anayetaka kubadilisha injini nzima ana safari nyingine ya kwenda TRA, maana namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari, na kampuni ya bima nayo inapaswa kujua. Kwa safari mbili za Nyandira kwa mwaka, ni gharama ya kutafuta sifa.

Kinachohitaji kutazamwa ni joto. Noah ya zamani, ya 1996 hadi 2001, ina injini chini ya viti vya mbele, na maji husafiri kwa mabomba marefu kutoka kwenye rejeta iliyo mbele. Baada ya kumwaga maji lazima hewa itolewe yote, la sivyo gari litachemsha hata likiwa na rejeta mpya. Na ile tabia ya kung'oa thamostati ili "injini ipoe" haifai. Injini inayokaa baridi kupita kiasi hunywa mafuta zaidi, na maji yanayozunguka bila kizuizi si dawa ya rejeta iliyoziba. Rejeta isafishwe, feni ijaribiwe, kimiminika kiwe kile cha rejeta na si maji ya bomba ambayo hulea kutu.

Jumamosi inayofuata safari inaanza. Barabara kuu ya Iringa inalipita Bwawa la Mindu, linaloipa maji Manispaa ya Morogoro, na karibu na Chuo Kikuu Mzumbe, pale Sangasanga, gari linakata kushoto. Mlali bado ni joto la tambarare, watoto wanataka vioo vifunguliwe. Baada ya hapo mlima unaanza kweli. Njia inakuwa nyembamba, upande mmoja ukuta wa udongo, upande wa pili bonde, na chini kabisa mto unaoonekana kama uzi. Maji ya mito ya Uluguru huishia Ruvu, na kutoka Ruvu hufika mabombani Dar es Salaam.

AC inazimwa. Hapa ndipo Noah ya zamani ina wapenzi wake: inasukuma kwa magurudumu ya nyuma, na watu wakijaa, uzito unayakandamiza magurudumu yanayofanya kazi. Noah nyingi zilizofuata huvuta kwa mbele. Kwenye mpando mkali uzito unarudi nyuma, mbele panakuwa pepesi, na tairi zinazunguka bure kwenye kokoto. Dereva wa gari la namna hiyo hakanyagi zaidi. Anaachia kidogo, anatafuta sehemu ngumu ya njia, na mizigo mizito inakuwa imeshasogezwa mbele, nyuma ya kiti cha dereva, tangu nyumbani. (Upande wa mashariki wa milima, kuelekea Matombo na Kinole, mvua ni nyingi zaidi kuliko Mgeta, na huko masika Noah inayovuta kwa mbele inaweza kuacha familia ikimalizia safari kwa miguu.)

Juu, hewa ni nyingine. Matuta ya mashamba yanapanda mlima kama ngazi, kuna kabichi, njegere na viazi, na msimu ukifika plamu na pichesi. Mbuzi wa maziwa, ambao Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kilishiriki kuwaleta Mgeta, wanawatazama watoto kutoka kwenye mabanda ya mbao. Masweta yanatafutwa chini ya viti. "Shikamoo bibi" inasemwa mara nne, kwa sauti nne.

Siku ya kuondoka, bibi haruhusu wajukuu waondoke mikono mitupu. Kuna gunia la viazi, kabichi ishirini, mkungu wa ndizi. Mjomba ameshapanda juu ya keria na kamba.

Huko Japani, uzito unaoruhusiwa wa gari la abiria hupigiwa hesabu ya kilo 55 kwa mtu. Watu wanane ni kilo 440, na hapo gari limejaa. Gunia la viazi la kilo 100 juu ya keria ni karibu watu wawili waliokaa juu ya paa, mahali pabaya kuliko pote kwenye gari refu linaloshuka kona. Baba anaomba literemshwe. Mjomba anacheka, anasema magari hubeba matano. Mama anamwendea bibi mwenyewe, si mjomba, na kumwambia taratibu: "Mama, viazi tutachukua debe moja, tutaweka ndani miguuni. Hivi vingine vije na Fuso la mboga." Bibi anaangalia gari, anaangalia wajukuu. Debe linapimwa.

Kisha ule mteremko wa Pasaka.

Gari la tani mbili pamoja na watu wake, likishuka meta 1,000, lina nishati inayotosha kuchemsha karibu ndoo tatu za lita 20 za maji. Joto hilo lazima liende mahali. Mguu ukikaa kwenye breki muda wote, sehemu kubwa inaingia kwenye diski, ngoma na pedi, na kutoka hapo kwenye mafuta ya breki. Mafuta ya DOT 3 yakiwa mapya huvumilia nyuzi 205 kabla ya kuchemka. Yakikaa miaka kwenye gari hunyonya unyevu, na kiwango hicho huweza kushuka hadi nyuzi 140 hivi. Yakichemka yanatoa mapovu, pedali inazama hadi sakafuni, na hakuna spesa wala rimu itakayosaidia. Ile harufu ilikuwa ya pedi zilizopata moto kupita kiasi. Safari hii pedi za mbele ni mpya, ngoma za nyuma zimefunguliwa na kusafishwa, mafuta yamebadilishwa yote kwa DOT 4. Kazi hiyo ilikuwa ya bei ndogo kuliko zote zilizotajwa gerejini.

Iliyobaki ni ya dereva. Chini ya herufi D kwenye gia ya otomatiki kuna herufi au namba nyingine, 2 na L kwa mfano, ambazo wengine hawajawahi kuzigusa tangu wanunue gari. Gia inashushwa kabla mteremko haujaanza, injini inanguruma na kulishika gari, na breki inakanyagwa kwa nguvu mara moja kisha inaachiwa ipoe, si kuguswaguswa njia nzima. Watoto wanauliza mbona gari linalia. "Linatubeba," shangazi anajibu.

Mlali wanasimama kwa mara ya kwanza. Baba anashuka na kupitisha kiganja karibu na gurudumu la mbele bila kuligusa. Joto lipo, kama la jiko lililoondolewa sufuria muda mfupi uliopita. Anainama kunusa, mama naye anainama upande wa pili. Kitinda mimba amelala safu ya katikati, kinywa wazi, mkononi kokwa la pichesi.