Barua kutoka Ontario: Mji wa Reli Uliohamia Jukwaani

Mwanzoni mwa Aprili, baridi ikiwa bado haijaaga vizuri, bendi ya polisi ya Stratford huvaa sketi za Kiskoti, hushika ngoma na zumari, kisha huwasindikiza bata maji weupe mpaka mtoni. Majira ya baridi yote ndege hao hufungiwa bandani. Siku yao ya kuachiliwa watu hujipanga pande zote mbili za njia kama wanaosubiri Mwenge wa Uhuru. Bata wenyewe hawana haraka; wengine husimama katikati ya barabara na kuutazama umati. Wanakoelekea ni pale mto Avon ulipozuiwa ukapanuka, na maji hayo, jamaa wa Mwanza na Kisumu msicheke, yanaitwa Ziwa Victoria. Mtu hulizunguka kwa miguu na bado akawahi chai ya saa nne.

Bata wakishaingia majini, wenyeji wanajua wageni wako njiani. Wakati huo waigizaji wamo kwenye mazoezi, mafundi cherehani wanamalizia maleba, na wenye nyumba za kulala wageni wanapiga simu kumtafuta fundi bomba. Stratford, mji wa watu kama 33,000, uko kilomita 150 hivi kutoka Toronto, lakini una majumba manne ya tamthilia yanayoonyesha michezo mpaka Oktoba. Shakespeare hakosekani, na kando yake zipo tamthilia za kuimba na kucheza, ambazo ndizo hujaza mabasi.

Haukuwa mji wa sanaa. Ulikuwa mji wa reli. Karakana kubwa ya kutengeneza injini za mvuke ndiyo iliyolisha familia nyingi hapa, na zilipokuja injini za dizeli kila mtu aliona mwisho wake. Ilifungwa mwaka 1964. Kabla siku hiyo haijafika, mwandishi wa habari mzaliwa wa hapo, Tom Patterson, aliyekuwa amerudi kutoka Vita Kuu ya Pili, alishika wazo lililowachekesha wengi: mji huu una jina la mji alikozaliwa Shakespeare, na mto wake una jina la mto wa huko, basi kwa nini usionyeshe michezo yake? Patterson alikuwa hajawahi kuendesha jumba la michezo hata siku moja.

Halmashauri ya mji ilimpa dola 125 aende New York kumtafuta Laurence Olivier. Olivier hakumpata. Hakukata tamaa, alimpigia simu mwongozaji mashuhuri Tyrone Guthrie, aliyekuwa Ireland, naye akakubali kuja kuangalia. Fedha ziliisha katikati ya ujenzi wa ukumbi, ila mkandarasi wa mjini, Oliver Gaffney, akaendelea kumwaga zege bila kujua atalipwa lini. Tarehe 13 Julai 1953, chini ya hema kubwa la turubai, Alec Guinness aliingia jukwaani kama Richard III. Jumba la kudumu lilifunguliwa mwaka 1957, Christopher Plummer akicheza Hamlet, na mpaka leo paa lake linafuata umbo la lile hema. Jukwaa, lililobuniwa na Tanya Moiseiwitsch, limejitokeza mbele na kuzungukwa na watazamaji pande tatu. Ukumbi unachukua watu karibu 1,800, lakini hata wa kiti cha nyuma kabisa haachwi mbali: ni kama mita 20 tu.

Kabla ya mchezo kuanza hakuna kengele. Wapiga tarumbeta na ngoma hutoka nje na kupiga mlio uliotungwa na Louis Applebaum kwa ajili ya msimu ule wa kwanza. Waliokuwa wamelala kwenye nyasi huanza kukunja mikeka na kutafuta tiketi mifukoni.

Muziki nao hauishii ndani. Kiangazi wanamuziki hupanda boti bapa na kupiga katikati ya mto, bure kabisa, wasikilizaji wakiwa wamekaa ukingoni. Na ngazi za jumba la tamthilia la Avon ndizo ambazo Justin Bieber, mtoto wa hapa hapa, alikuwa akizikalia na gita kuimbia wapita njia kabla dunia haijamjua.

Je, Mwafrika ana nafasi? Mwaka 2022 mchezo wa Wole Soyinka kuhusu kifo na mpanda farasi wa mfalme uliwekwa katika jumba jipya lenye jina la Patterson, ukiongozwa na Tawiah M'Carthy, mzaliwa wa Ghana. Ngoma za Kiyoruba zilitikisa kuta za Ontario. Hata hivyo, siku za kawaida ukumbini zinaonekana mvi nyingi na sura chache za kwetu. Bei inachangia: tiketi nzuri inapita dola 100, ingawa vijana na wanafunzi wana nafuu yao. Kingine ni mazoea. Waswahili wa Toronto watajaza ukumbi wa taarab mpaka alfajiri, lakini Shakespeare wanamwachia mwalimu wa Kiingereza, wakati wazee miongoni mwao walisoma Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi katika tafsiri za Mwalimu Nyerere.

Nyumbani hatukosi majukwaa. Bagamoyo ina tamasha lake tangu 1982, na Sauti za Busara ilianza Ngome Kongwe mwaka 2004. Lakini mwaka 2016 Busara haikufanyika, fedha za wafadhili zilipokosekana. Stratford hutegemea zaidi tiketi na michango ya watu binafsi, na ruzuku ya serikali ni kidogo. Mwenye mgahawa hapa anajua pasipo maonyesho meza zake zitabaki tupu, kwa hiyo hangoji kuhimizwa kuchangia. Ni hoteli ngapi za Mji Mkongwe zinazojaa wiki ya Busara zimewahi kuulizwa zinachangia nini?

Jamaa wa Toronto na Hamilton wanaopanga kwenda msimu huu wakate tiketi mapema, hasa za tamthilia za kuimba, na wachague onyesho la saa nane mchana ili wawahi basi la kurudi. Chakula wabebe, kula kando ya ziwa ni desturi ya hapa, na hakuna atakayeshangaa sufuria ya pilau.