Miezi Miwili Bila Jua

Wamama wapendwa, wengi mmetuuliza sokoni, kanisani na hata siku ya likelemba: huko Norwe baridi ni ya namna gani, na watu wanaishije bila jua? Tuliahidi kuandika. Leo tunalipa deni.

Tulikwenda wawili, mwandishi wa ukurasa huu na Mama Mkubwa. Mdogo wetu alijifungua mtoto wa pili mwezi wa Novemba 2018 katika mji wa Tromsø, na hakuwa na mtu wa kumkanda kwa maji ya moto. Yeye na mume wake walifika kule kutoka kambi ya Nakivale, Uganda. Mama mzazi, pale Kadutu, miguu haimbebi tena, kwa hiyo alitutuma sisi.

Tulishuka Oslo tarehe 10 Desemba, siku ileile Daktari Denis Mukwege wetu wa Panzi alipopokea Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na Nadia Murad. Jioni ya siku hiyo wenyeji wana desturi: watu hupita barabara ya Karl Johan wakiwa na mienge mpaka Grand Hotel, na washindi hutoka kwenye roshani kuwapungia mkono. Sisi tulisimama nyuma sana. Hatukuona kitu zaidi ya migongo ya watu na moto, lakini tulisikia vigelegele vya kwetu, na mama mmoja aliyefunga kitenge juu ya koti akatushika mkono akauliza, "Mumetoka Bukavu lini?" Mama Mkubwa alilia palepale barabarani. Machozi yalipoa kabla hayajafika kidevuni.

Kesho yake tukapanda ndege ya Tromsø. Mji huo uko zaidi ya kilometa 300 kaskazini ya mstari wa Aktiki. Tumewafundisha watoto wa masomo miaka mingi, kwa chungwa na mshumaa, kwamba dunia imeinama nyuzi 23 na nusu, na kwamba kule juu kuna majira jua halichomozi. Tulifundisha hivyo kwa sababu kitabu kilisema. Tuliposhuka kwenye ndege saa nane mchana na kukuta taa zote za barabarani zinawaka, tulijiona kama mwanafunzi aliyekariri bila kuelewa.

Jua linabaki chini ya upeo tangu mwisho wa Novemba mpaka katikati ya Januari. Tena kwa kuwa mji umezungukwa na milima, watu hawalioni tangu tarehe 21 Novemba mpaka 21 Januari. Lakini si usiku mtupu. Kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana unakuja mwanga wa buluu, na theluji yote inakuwa buluu, kama dakika zile za alfajiri kwetu kabla jua halijatokea nyuma ya milima ya ng'ambo ya Ruzizi. Kwetu dakika hizo hupita upesi. Kule ndiyo mchana wenyewe.

Mdogo wetu tulimkuta amefunga mapazia hata saa hizo za buluu. Nywele hazijachanwa, vyombo vimejaa, mtoto mkubwa wa miaka sita anakula mkate mkavu. Mume wake anafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha samaki na mchana analala. Kwenye simu mdogo wetu alikuwa akicheka na kutuonyesha kitoto. Kumbe simu ilikuwa inaonyesha kona moja tu ya chumba. Alisema ni baridi tu. Mama Mkubwa hakujibu, aliweka maji jikoni.

Tarehe 13 Desemba ni siku ya Lucia. Watoto huvaa nguo nyeupe, hushika taa, hupita wakiimba gizani, kisha watu hula mikate midogo ya zafarani yenye rangi ya njano. Mtoto wetu alikuwa katika mstari huo. Mama yake alikataa kwenda: hana nguo, hana nguvu, watu watamwangalia. Mama Mkubwa alimwambia, "Basi nitakwenda mimi nisiyejua lugha, nitasimama mbele kabisa na kitenge changu." Mdogo wetu alivaa viatu. Mtoto alipomwona mama yake mlangoni aliacha kuimba, akapunga taa, mstari wote ukavurugika. Mwalimu wake alicheka tu. Sisi, kama walimu, tungegomba.

Tangu hapo tulianza kuelewa kwa nini watu wale wana sikukuu nyingi katika miezi ileile ya giza. Kila dirisha la mji lina kinara cha mishumaa saba au nyota ya karatasi yenye taa ndani. Jumapili nne kabla ya Noeli wanawasha mshumaa mmoja, halafu wa pili, mpaka wanne. Tarehe 24 jioni, saa kumi na moja, kengele za kanisa zinalia na Noeli imeanza. Watu wanashikana mikono kuzunguka mti na kuimba. Wana pia kazi ya pamoja inayoitwa dugnad: majirani wa nyumba moja wanatoka na majembe na keki, wanasafisha. Tulisema, hii ni salongo! Tofauti ni keki.

Jambo jingine ambalo wamama mnapaswa kulijua. Mdogo wetu alipopeleka kitoto kupimishwa, muuguzi alimpima na yeye pia, kwa karatasi yenye maswali kumi: unalala? unalia bila sababu? unaweza kucheka? Alijibu ukweli, na kutoka siku hiyo alipangiwa mtu wa kuongea naye kila juma. Kwetu mzazi akiwa hivyo tunasema amechoka, au tunasema amerogwa. Mama Mkubwa alikaa kimya njia nzima ya kurudi, halafu akasema kwamba yeye pia alikuwa hivyo baada ya kuzaa mtoto wake wa tatu. Hatukuwahi kulisikia.

Tarehe 30 Desemba nchi yetu ilipiga kura. Kesho yake intaneti ikakatwa Kongo nzima. Mama alikuwa ametuambia siku mbili kabla kwamba kifua kinambana. Simu ya kawaida tulipiga, ikaita bila jibu, au ikakatika. Wenyeji walirusha fataki za mwaka mpya, na sisi tulisimama dirishani tukiwa na simu mkononi. Hizo siku ishirini hatuna mengi ya kusema juu yake. Mdogo wetu ndiye aliyetuambia tule. Alichana nywele zake, akachana na za Mama Mkubwa.

Jumapili tarehe 20 Januari asubuhi simu ya Mama Mkubwa ilianza kulia mfululizo juu ya meza. Mama alikuwa amerekodi sauti karibu kila jioni, akijua haziendi. Zote zilianguka pamoja. Za kwanza anakohoa, katikati anamlaumu jirani juu ya mkaa, za mwisho anaimba. Tulizisikiliza zote, mara mbili.

Kesho yake ndiyo siku ya jua. Foleni zilitoka nje ya maduka ya mikate, watu wakinunua mandazi ya mviringo yenye jamu ndani, yanayoitwa solboller, mandazi ya jua. Watoto wa masomo walibeba majua ya karatasi ya njano. Tukatoka wote, na mume wake pia aliacha usingizi. Kukawa na mawingu! Hatukuona kitu. Hakuna aliyekasirika, jirani, bibi mmoja mzee, alituambia kwamba mara nyingi huwa hivyo, akatuongezea mandazi.

Tuliondoka kabla ya tarehe 6 Februari, sikukuu ya Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, ambao hukimbiza kulungu wao katikati ya mji. Tarehe hiyo inakumbuka mkutano wao wa kwanza, Trondheim mwaka 1917, na mmoja wa waliouanzisha ni mwanamke, Elsa Laula Renberg. Tulisikitika kuukosa.

Lakini jua tuliliona siku mbili baada ya mandazi. Lilitoa ukingo wake kati ya milima miwili, dakika chache tu, jekundu. Mama Mkubwa, aliyekuwa amegombana na kila mtu juu ya desturi yao ya kulaza watoto nje katika kigari, siku hiyo alikaa mwenyewe kwenye ngazi kando ya kigari, blanketi mabegani. Mdogo wetu alirekodi sauti: "Mama, tumeliona!"

Jibu lilifika kabla hatujaingia ndani. Mama alisema Kadutu mvua inanyesha tangu asubuhi, nguo hazikauki, na kama tuna jua huko tumtumie kidogo.